Louvin Brothers: ile sauti ni ya damu ama ni ya mazoezi?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa pande za Kericho, nimelifupisha kidogo tu:

"Mwalimu habari yako. Mimi na ndugu yangu mdogo tunaimba country kwa harusi na mara moja moja kwa hoteli, watu wanatupenda sana tukipiga za Kenny Rogers na Don Williams. Juzi kuna mzee alitupatia flashi iko na nyimbo za Louvin Brothers na tangu siku hiyo hatulali. Tumejaribu kuimba kama wao imekataa kabisa, mimi nikipanda juu nasikika kama napiga kelele halafu bro anapotea, hasikiki. Watu wanasema ile sauti ni ya damu. Sasa sisi si ni wa tumbo moja, mbona haitoki? Na ni kweli hawa jamaa walikuwa wanachukiana?"

Salama sana kijana wangu. Kwa asiyewajua, Louvin Brothers ni Ira na Charlie, ndugu wawili wa country kutoka Alabama, Marekani. Na huyo mzee wa flashi mkikutana mpelekee kibuyu kizima cha mursik kwa niaba yangu, manake watu wa kugawa Louvin Brothers siku hizi ni wachache.

Nianze na hilo la damu kwa sababu ndilo linawapotezea watu muda. Mimi nimefundisha kwaya miaka mingi na nimekaa nyuma ya mashine za kurekodi miaka karibu sawa na hiyo, na nakwambia tumbo moja linasaidia lakini halikuimbii. Nimewahi kuwa na mapacha kwenye kwaya, mapacha kabisa wa kufanana mpaka unachanganya majina, wakiimba ni kama watu wamekutana stendi asubuhi hiyo. Halafu angalia Simon na Garfunkel, hawakuwa ndugu hata kidogo, ni watoto wa mtaa mmoja tu kule Queens, New York, wamekua wakiiga Everly Brothers, ndugu wawili wengine wa Marekani, Don na Phil, na ukiwasikia ungeapa wamenyonya ziwa moja.

Faida ya ndugu iko wapi basi? Iko kwa matamshi. Sauti ya mtu haitoki ikiwa moja, juu ya ile noti unayoisikia kuna sauti nyingine ndogo ndogo zinapanda kama ngazi, na umbo la mdomo wako unaposema "a" ama "o" ndilo linaamua zipi zisikike na zipi zizame. Sasa watu wawili wakiimba "o" moja kwa umbo moja la mdomo zile ngazi mbili zinalala moja juu ya nyingine, ndiyo unasikia kitu cha tatu kinalia hapo katikati ambacho hakuna aliyekiimba. Wakitofautiana mdomo, hata noti ziwe sahihi kiasi gani, utasikia watu wawili. Mtu wa Mombasa na mtu wa Kericho wakiimba neno "love" kila mmoja ana love yake. Lakini waliojifunza kuongea kwa mama mmoja, meza moja, ugali mmoja, hiyo kazi imeshafanywa kabla hata hawajashika gitaa. Na fuvu na koo zinaweza kurithiwa pia, hilo sikatai. Ila mdomo ndio mkubwa.

Hiyo ndiyo sehemu ya damu. Iliyobaki ni kazi, na kwa hawa Louvin ilikuwa kazi ya aina ya ajabu kidogo, kwa hivyo nivumilie nikupeleke kwao.

Jina lao la kweli si Louvin, ni Loudermilk. Ira alizaliwa 1924 na Charlie 1927, Section, Alabama, wakakulia Henagar, huko juu kwenye uwanda unaoitwa Sand Mountain. Mashamba ya pamba, familia kubwa, pesa hakuna. Baba alikuwa anapiga banjo na alikuwa na mkono mzito, hasa kwa Ira, na Charlie baadaye alipokuwa mzee alisimulia vile kaka yake alivyokuwa anachapwa mpaka unaelewa kwa nini huyo mtu alikuja kuwa vile alivyokuwa. Wageni wakija nyumbani baba anaamuru vijana waimbe, na kwa aibu waliyokuwa nayo walikuwa wanaingia chini ya kitanda wanaimbia huko, wageni wamekaa na chai yao wanasikiliza kitanda kinaimba. Hiyo picha mimi huwa haiishi kunichekesha, lakini fikiria kidogo kama mwimbaji: chini ya kitanda, giza, huoni mtu, sikio la mwenzako liko sentimita chache kutoka mdomo wako. Si ndiyo mazoezi bora kuliko studio!

Mama yao alitoka ukoo wa Wootten, na hao walikuwa watu wa Sacred Harp. Hapa ndipo nataka usimame kabisa. Sacred Harp ni kitabu cha nyimbo za dini kilichotoka 1844, na noti zake zina maumbo: pembetatu ni fa, mviringo ni sol, mraba ni la, almasi ni mi. Watu wanakaa kwa umbo la mraba wakitazamana, kila upande sauti yake, kiongozi anasimama katikati, hakuna kinanda hakuna gitaa hakuna watazamaji, na kabla ya kuimba maneno wanaimba kwanza majina ya noti. Unaona? Ni kama tu sisi kwenye kwaya tunavyosoma solfa kwanza halafu ndio tunaweka maneno, do ya huku na do ya kule ni mabinamu. Na jambo lingine, kwenye Sacred Harp melodi haikai juu kwa soprano kama mlivyozoea kanisani, inakaa kwenye tena, katikati ya zile sauti, nyingine zinaizunguka juu na chini. Mtoto aliyekulia hapo sikio lake halifikirii kwamba wimbo ni kitu cha mtu mmoja na wengine wanamsaidia. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mbali na kanisa kulikuwa na gramafoni na redio, na hapo walikula ndugu wengine waliotangulia. Delmore Brothers, Alton na Rabon, wa hapo hapo Alabama, walikuwa Grand Ole Opry, ile shoo kubwa ya redio ya country kule Nashville, tangu 1933 wakiimba taratibu kama wanaogopa kuamsha mtoto. Monroe Brothers, Bill na Charlie, hao walikuwa moto, mandolini inakimbia. Blue Sky Boys wa North Carolina, hao ndugu wa Bolick, laini kabisa. Kwa hivyo ndugu wawili, gitaa na mandolini, huo ulikuwa mtindo kamili kabla ya Louvin, wao waliukuta wakaupeleka mahali ambapo mimi sioni kama kuna mtu ameupita.

(Na wewe wa Kericho usione kama haya ni mambo ya mbali. Sahani za Jimmie Rodgers, yule baba wa country aliyefariki 1933, zilifika kwa Wakipsigis kupitia gramafoni, na 1950 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa kienyeji, alipopita Kapkatet na mashine yake akarekodi wasichana wanaimba Chemirocha, jina la Jimmie Rodgers limeshageuka limekuwa la kiumbe nusu mtu nusu swara. Waulize wazee wenu. Country ilifika huko kwenu kabla ya babu yako kuoa.)

Turudi Alabama. Kazi yao ya kwanza ya kulipwa waliipata siku ya sikukuu ya tarehe nne Julai, kwenye bembea la kuzunguka linalovutwa na nyumbu, wao wamesimama katikati wanaimba na watu wanapita mbele yao duara baada ya duara. Halafu wakashinda shindano wakapata redio Chattanooga, kile kipindi cha alfajiri ambacho wanasikiliza wakamuaji wa ng'ombe. Jeshi likamchukua Charlie mwishoni mwa vita ya pili ya dunia, akarudi, wakazunguka Knoxville, Memphis, Birmingham, redio hii redio ile, njaa ikizidi wanaacha muziki wanaajiriwa, Memphis walifanya kazi posta. Hapo katikati ndio wakabadilisha jina wakawa Louvin kwa sababu Loudermilk watu walikuwa wanalikosea kila siku. Walirekodi kwa kampuni za sahani, kidogo Apollo, kidogo Decca, kidogo MGM, hakuna kilichotembea. Capitol ndio wakawachukua 1952 kama waimbaji wa injili, wakatoa The Family Who Prays, halafu jeshi likamwita Charlie tena, safari hii Korea. Yaani hawa watu kila wakishika mlango mtu anawavuta shati.

Nakwambia haya ili ujue walipofika Opry, 1955, baada ya kukataliwa mara kadhaa, walikuwa wameshaimba pamoja miaka ishirini na kitu. Ira alikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Nyinyi mna flashi ya wiki mbili. Tulieni.

1955 ndio pia walijaribu nyimbo za dunia, za mapenzi, huku wanaogopa kwamba watu wa kanisa watawatupa. When I Stop Dreaming ikaingia kumi bora za country, halafu 1956 I Don't Believe You've Met My Baby ikafika namba moja, na kwa mwaka ama miwili hivi wakawa wakubwa kweli. Kwenye rekodi nyingi za wakati huo gitaa ya umeme unayoisikia ikidondosha noti safi kati ya mistari ni Chet Atkins, na kwenye safari na steji alikuwa Paul Yandell, kijana aliyepiga kwa mtindo huo huo.

Sasa sikia kazi yenyewe, na hapa chukua gitaa.

Kwa kawaida Charlie ndiye anashika melodi na gitaa. Sauti yake ni ya katikati, ya joto, imetulia, haina mbwembwe. Ira na mandolini yake anakaa juu, sauti nyembamba kama wembe. Charlie akiimba mi, Ira yuko so. Charlie fa, Ira la. Charlie so, Ira anaruka do ya juu. Mpaka hapo hakuna siri, kila ndugu wa zamani alifanya hivyo, na wewe na bro wako nadhani ndivyo mnavyojaribu.

Siri ni kinachotokea melodi ikipanda. Tuseme wimbo unaenda zake, melodi inafika mahali inaruka juu hadi do na mi za juu, ambapo Charlie akijaribu atapasuka. Duo nyingine ingeshusha kii, yaani wimbo mzima uanzie chini zaidi. Hawa hawashushi. Ira aliyekuwa anapamba huko juu anaichukua melodi yenyewe, na Charlie sekunde hiyo hiyo anadondoka chini yake anashika so, anakuwa yeye ndiye anapamba, kutoka chini. Melodi ikishuka wanabadilishana tena. Mara nyingine ni katikati ya mstari, mara nyingine ni katikati ya neno. Wewe msikilizaji unasikia tu wimbo umefunguka kama paa limetolewa, hujui ni nani amehama, na ukijaribu kumfuata mmoja kwa sikio unajikuta umeshika mwingine. Nimekaa na hizo rekodi na hedifoni, narudisha nyuma narudisha nyuma, na kuna mahali mpaka leo nabishana na mwenzangu wa studio ni nani yuko wapi.

Charlie aliwahi kuulizwa walikuwa wanapeana ishara gani, kukanyagana mguu, kugusana kiwiko, nini. Akasema hakukuwa na ishara. Sababu alizozitoa zilikuwa mbili: kwamba Sacred Harp iliwafundisha kusikiliza sauti ya mwingine, na kwamba walikuwa ndugu. Ona alivyozipanga. Masikio kwanza, damu baadaye.

Kwa hivyo kosa lenu la kwanza naliona hata kabla sijawasikia. Wewe umejipa kazi moja, juu, na mdogo wako umempa kazi moja, chini, na mkishagawana hivyo kila mtu anakazana na shamba lake. Louvin hawakugawana shamba. Kila mmoja anajua wimbo wote, pande zote mbili, kwa hivyo anaweza kuhama bila kuuliza.

Kosa la pili ni nguvu. Unasema ukipanda unapiga kelele, hiyo ni kwa sababu unapandisha sauti ya kifua kwa kusukuma, na ukisukuma bro anafunikwa. Ira akipanda anapunguza, sauti inakuwa nyembamba, ina makali lakini haina uzito, inakaa juu ya Charlie kama karatasi juu ya meza. Meza ni Charlie. Sauti ya juu ikiwa nzito kuliko ya chini wimbo unapinduka, ndio hicho kinawatokea. Halafu wote wawili hawatetemeshi sauti, noti inanyooka kama kamba ya nguo, na mwisho wa mstari wanakata pamoja kabisa, hakuna anayebaki na "s" mkononi. Jaribuni hilo la kukata tu, wiki nzima, msifanye lingine.

Na pengine, niseme tu, wewe si mtu wa juu. Kwa Louvin mkubwa ndiye alipanda, lakini kwa Everly Brothers ilikuwa kinyume, Don mkubwa ndiye alishika melodi na Phil mdogo akakaa juu. Mpe bro ajaribu juu mwezi mmoja uone.

Sikiliza sasa Knoxville Girl, iko kwenye albamu yao ya 1956, Tragic Songs of Life, na naamini iko kwenye hiyo flashi. Ni wimbo wa zamani sana, mizizi yake ni Uingereza, wao waliupata kwa mama. Mwendo ni wa tatu tatu, waltz. Jamaa anatembea na mpenzi wake, anaokota fimbo, anampiga mpaka anakufa, anamtupa mtoni, anarudi nyumbani, mama anamuuliza damu hii kwa nguo ni ya nini, anasema nimetoka damu puani. Na wanauimba wote wawili, mwanzo mpaka mwisho, kwa utulivu ule ule, sauti haipandi kwa hasira wala haishuki kwa huzuni. Mwimbaji mwingine angelia hapo. Wao wanakuachia ulie mwenyewe. Mimi nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa napiga pasi, nikasahau shati.

Haya, hilo la kuchukiana.

Kuchukiana ni neno kubwa, ila Ira alikuwa mtu mgumu, na pombe ilimfanya awe mbaya. Alitamani kuwa mhubiri na hakuwahi kuwa, ukitaka kuusikia mgogoro huo sikiliza Satan Is Real ya 1959, kuna mahali anaacha kuimba anahubiri. Picha ya kava ya hiyo albamu utakuwa umeiona hata kama huijui: ndugu wawili na suti nyeupe, nyuma yao shetani mwekundu wa mbao na moto unawaka. Huyo shetani alijengwa na Ira mwenyewe, urefu kama mita tatu na nusu, moto ni matairi yaliyolowekwa mafuta ya taa ndani ya machimbo ya mawe, na mawe yalipopata joto yakaanza kupasuka na kurusha vipande. Watu leo wanaicheka hiyo kava. Waliosimama hapo hawakuwa wanacheka, na nadhani Ira ndiye alikuwa anaamini kuliko wote na ndiye alikuwa anaishi mbali zaidi na alichokiamini.

Mandolini ikikataa kukaa kwenye tyuni alikuwa anaivunja hapo hapo steji. Asubuhi anakusanya vipande anaigundi, manake mikono ya ufundi alikuwa nayo. Halafu ikaja rock and roll, mauzo ya watu wa country yakashuka, na bosi wao wa rekodi Capitol, Ken Nelson, akasema labda hiyo mandolini ndiyo inazuia watu kununua. Neno moja tu. Mtu mwingine angelimeza. Ira hakulimeza, alianza kuiweka chini hiyo mandolini na kunyanyua chupa, na Charlie alisimulia kwamba baada ya hapo hakuwa yule tena. Mwanzoni mwa 1963 akiwa amelewa alimkaba mkewe kwa waya wa simu, mkewe akampiga risasi kadhaa. Hakufa. Mwezi wa nane mwaka huo Charlie akachoka, akasema basi.

Hivyo ndivyo duo ilivyokwisha, si kwa ugomvi mmoja mkubwa, ni kwa Charlie kuchoka kubeba. Charlie akaenda peke yake na 1964 wimbo wake wa kwanza ukafanya vizuri tu. Ira akapoa kidogo, akaoa mwimbaji anaitwa Anne Young, wakawa wanaimba pamoja. Tarehe 20 Juni 1965 wakirudi kutoka shoo wakagongwa uso kwa uso na gari karibu na Williamsburg, Missouri, wote wawili wakafariki. Ira alikuwa na miaka 41. Dereva wa ile gari nyingine alikuwa amelewa.

Jina lao lingeweza kupotea hapo. Lakini 1968 Byrds, watu wa rock na nywele ndefu, wakaimba The Christian Life, wimbo wa Louvin, kwenye albamu yao, hiyo ilikuwa kazi ya mwenzao Gram Parsons aliyekuwa mgonjwa wa Louvin, na Parsons akamwambukiza mwimbaji Emmylou Harris, na 1975 Emmylou akautoa wimbo mwingine wa Louvin, If I Could Only Win Your Love, ukafika namba nne. Parsons na Emmylou, tena, si ndugu, walikuwa wageni kabisa walipokutana. 2001 Louvin wakaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa country kule Nashville, na ukitaka kucheka kidogo, mwaka huo huo waliingia Delmore Brothers, Everly Brothers na Ken Nelson. Yule yule wa mandolini.

Na Everly nao usidhani walipona. 1973 California Phil alivunja gitaa lake akashuka steji Don bado yuko juu, hawakuimba pamoja miaka kumi mpaka 1983 London. Kuimba hivyo karibu na mtu kuna bei, unapumua wakati anapumua, huna mahali pa kujificha, siku mmegombana asubuhi jioni lazima bado muwe mdomo mmoja. Wewe na bro mkiwa na deni la pesa za harusi fulani mlipane kabla ya kupanda steji, nasema kwa uzoefu wa kwaya.

Charlie aliishi mpaka Januari 2011, na mpaka uzee wake alikuwa anaimba. Walikuwa wanatumia maiki moja na Ira miaka yote ile, na Charlie alisema kwamba hata miaka arobaini na kitu baadaye wimbo ukifika pale sauti ya pili inapotakiwa kuingia, mwili wake unasogea kushoto wenyewe, kumpisha mtu kwenye maiki, na anajua kabisa upande wa kulia hakuna mtu.

Hiyo maiki moja ndiyo nataka muanze nayo. Hizo maiki mbili mnazotumia harusini, kila mtu na yake na DJ anawapandisha anavyotaka, zinawafanya kila mmoja asikilize spika badala ya kusikiliza mwenzake. Wekeni moja katikati, anayezidi arudi hatua, anayepungua asogee, mizani ifanywe na miguu. Mazoezini msitumie hata hiyo, kaeni mkitazamana magoti yakaribie kugusana, imbeni kwa sauti ya kuongea na mgonjwa.

Halafu kinanda zimeni. Sijui kama mnatumia, ila bendi nyingi za harusi zinatumia. Kwenye kinanda ile mi imewekwa juu kidogo kuliko pale sikio linapoitaka, ni mapatano tu ya mafundi ili kinanda kipigwe kii zote, na sauti mbili zikiachwa huru zinajishusha zenyewe mpaka hapo tamu. Mkiimba na kinanda kinawavuta kila noti mtakuwa sahihi na mtakuwa wakavu. Gitaa moja, nyepesi, inatosha. Kwanza imbeni "u" peke yake, noti moja, wote wawili, mpaka msijue yupi ni yupi. Halafu mmoja abaki do mwingine apande mi, pole pole, asogeze kidogo juu kidogo chini atafute pale inapotulia. Mtaijua. Chumba kinakuwa kama kimeongezwa mtu.

Baadaye shika beti moja ya Knoxville Girl kwa sababu ina mwendo wa pole na mistari mifupi, wewe melodi na bro juu, kesho mbadilishane, kesho kutwa mbadilishane katikati ya beti bila kuambiana. Kii msiige ya kwao, shukeni hata hatua tatu, Ira alikuwa Ira. Rekodini kwa simu mnitumie hata ikiwa mbaya.

Ila hiyo ibaki ya mazoezi. Msije mkaiimba harusini mbele ya bibi harusi.